Kuzuia Majeraha na Kutunza Moyo ni Somo Moja: Hotuba kwa Wanafunzi wa Uuguzi na Wakufunzi Wao

Ndugu wanafunzi wa uuguzi, wakufunzi wetu, na ninyi wauguzi mnaowapokea wanafunzi wodini, hamjambo.

Katika vyuo vingi kuna masomo mawili yasiyokutana. La kwanza ni la kuzuia majeraha: sindano, mgongo, kemikali, sakafu yenye maji. Hufundishwa mapema katika chumba cha mazoezi, juu ya mwanasesere wa plastiki asiyeshtuka wala kuvuta mkono. La pili ni la afya ya akili. Hilo hupewa saa moja au mbili muhula ukikaribia kuisha. Mgeni hualikwa, huzungumzia msongo wa mawazo, akaondoka. Tumekuja kuwaomba muyaunganishe, kwa sababu mwanafunzi anapoumia wodini, mwili na moyo wake huumia kwa wakati mmoja, na mara nyingi ni moyo unaoamua mwili utapata tiba au hautapata.

Chukueni mfano wa mwanafunzi aliyetoka kumtoa mgonjwa damu ya kipimo. Mgonjwa amevuta mkono ghafla na sindano imemchoma mwanafunzi kidoleni. Kuosha anajua, alipata alama nzuri katika mtihani wa vitendo. Lakini pale bombani anawaza mengine: nikisema, mkufunzi ataandika kwamba siko tayari, muuguzi aliyeniruhusu atagombezwa, wenzangu watanitazama vipi? Anavaa glovu nyingine na kurudi kazini. Saa zinaanza kuhesabika, na hakuna anayejua isipokuwa yeye. Mikono yake ilifundishwa vizuri. Mdomo wake haukufundishwa kabisa.

Tuanze na sindano yenyewe, maana hapo ndipo muda hukimbia kuliko kwingine kote.

Wanafunzi wengi hudhani hatari iko pale sindano inapoingia kwa mgonjwa. Majeraha mengi huja baadaye: sindano imetoka, ina damu, na bado haijafika kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika. Katika safari hiyo fupi ndipo mtu hurudishia kifuniko kwa mikono miwili, huilaza sirinji kitandani ili abonyeze pamba, humkabidhi mwenzake mkononi, au hutembea nayo hadi mwisho wa wodi kwa kuwa boksi liko mbali. Kwa hiyo kinga inaanza kabla hujamgusa mgonjwa. Sogeza sefti boksi mpaka ulifikie bila kupiga hatua, na tundu lake uweze kuliona kwa juu. Lisiwe limejaa kupita robo tatu. Boksi lililofurika huchoma, kwa sababu sindano zilizosimama ndani hukutana na kidole kinachosukuma kutoka nje. Likifika robo tatu, lifungwe. Lisishindiliwe, wala lisimwagwe ndani ya jingine.

Kisha zungumza na mgonjwa. "Nachoma sasa, utasikia maumivu kidogo, tafadhali usivute mkono." Sentensi hiyo ina kazi mbili: inamtuliza mgonjwa na inakukinga wewe. Kwa mtoto au mtu aliyechanganyikiwa akili, omba msaidizi, naye ashike mkono juu na chini ya kiungo, vidole vyake vikiwa mbali na njia ya sindano. Ukimaliza, sirinji na sindano vinatupwa pamoja bila kutenganishwa wala kufunikwa. Ikitokea hali ambayo kufunika hakuepukiki, kifuniko kilale kwenye trei, uingize sindano ndani yake kwa mkono mmoja tu, na ule mwingine uwe nyuma ya mgongo wako. Ampuli ya kioo ivunjwe kwa kipande cha shashi, shingo yake ikivunjiwa upande usio wako.

Aliyetumia sindano ndiye anayeitupa. Kanuni hii huvunjwa sana kwa hasara ya mwanafunzi, kwa kuwa yeye ndiye anayeachiwa trei ya mtu mwingine aisafishe, na chini ya pamba zilizolowa damu kuna sindano. Ana haki ya kurudi kwa mwenye trei na kusema kwa heshima: "Dada, trei hii bado ina sindano, naomba uitoe wewe kisha nitaendelea." Kumbukeni sentensi hii. Ni kifaa cha kujikinga kama glovu ilivyo, na kama glovu, haiwezi kukusaidia ikiwa hujawahi kuivaa.

Chanjo ya hepatitisi B, ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Pigeni hesabu. Mwanafunzi anayeanza chanjo siku anayopelekwa wodini atafanya kazi nusu mwaka kabla ya kuimaliza. Chanjo ianze siku ya kusajiliwa chuoni. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, damu ipimwe kiwango cha kinga; kinachotosha ni vizio 10 kwa lita au zaidi. Wachache hawafiki hapo, nao hurudia mfululizo wa dozi. Asiyepimwa hajui yuko kundi gani, na siku ya kuchomwa ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuanza kujiuliza.

Sasa takwimu, na tunazitaja kwa makusudi. Kwa mtu asiye na kinga, sindano yenye damu ya mgonjwa wa hepatitisi B ambaye virusi vyake ni vingi inaweza kuambukiza hadi mara 30 katika 100. Hepatitisi C ni chini ya mara 2 katika 100. VVU ni takriban mara 3 katika 1,000, na hatari hupanda jeraha likiwa la kina, sindano ikiwa ya tundu iliyotoka kwenye mshipa wa damu, au damu ikionekana kwa macho juu ya kifaa. Angalieni mpangilio huo. Kinachowanyima wanafunzi usingizi ni VVU. Kinachoambukiza kwa urahisi zaidi ni hepatitisi B, ambayo ina chanjo. Hofu isiyo na hesabu hukua usiku kucha. Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu hizi mapema ana kitu cha kushikilia siku ya tukio, na ndiyo maana tunasema takwimu ni sehemu ya huduma ya moyo.

Ukichomwa, simama. Mkabidhi mgonjwa kwa mwenzako. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiliminye, usilinyonye, usilimwagie klorini wala dawa kali ya kusafishia; kuumiza nyama zaidi hakuondoi virusi. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali kwa dakika 15. Kisha toa taarifa, ndani ya saa ileile. Fomu itakuuliza saa ya tukio, aina ya kifaa, kina cha jeraha, na mgonjwa aliyekuwa akihudumiwa. Mgonjwa huyo ataombwa ridhaa ya kupimwa, na anayemwomba awe mtu mwingine kabisa. Kumtuma mwanafunzi aliyechomwa, machozi yakimlengalenga, akamwombe mgonjwa damu ni ukatili kwa wote wawili. Wewe nawe utapimwa siku hiyo ili ijulikane hali yako kabla ya tukio.

Ikionekana unahitaji dawa za kinga dhidi ya VVU, zile ziitwazo PEP, dozi ya kwanza inywewe haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache kama inawezekana, na isipite saa 72. Zinanywewa siku 28 bila kuruka. Asiye na kinga ya hepatitisi B anaweza kuhitaji chanjo na sindano ya kingamwili, ambayo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24. Sasa mwaona kwa nini ukimya wa siku moja ni ghali, na kwa nini ukimya wa siku nne hauwezi tena kununuliwa kwa PEP.

Na baada ya hapo? Hapa mafunzo mengi hukoma, na hapa ndipo mzigo mzito wa moyo unapoanza. Vipimo hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3. Katika muda huo mwanafunzi anatakiwa kutumia kondomu na kutochangia damu. Kazini anaendelea kama kawaida. Dawa zenyewe huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Mwanafunzi asiyeambiwa haya hudhani ameanza kuugua, au kwamba akili yake inamtoka, na wengine huacha dawa katikati. Apewe mtu mmoja, jina lake likijulikana, wa kumpigia simu siku ya 3, siku ya 7 na siku ya 14, amuulize mambo matatu: unalala, unakula, unameza dawa? Maongezi ya dakika tano yanatosha. Asiachiwe yeye jukumu la kupiga. Aliyezama katika hofu hapigi simu.

Turudi kwenye mdomo uliofungwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wodini mara nyingi maradhi hufichwa kwa sababu kuna aliyefundisha kuyaficha, hata kama hakukusudia. Mwaka 1996 mtafiti Amy Edmondson alichapisha matokeo ya uchunguzi wa makosa ya dawa katika wodi za hospitali za Marekani. Alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Alikuta zimeandika makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyatoa ni kwamba huko watu walithubutu kusema. Mkufunzi anayejivunia kwamba katika kundi lake hajawahi kuchomwa mtu, ajiulize kwanza kama katika kundi lake kuna anayethubutu kumwambia.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi la kusema, lifanywe kwa sauti kama mnavyofanya zoezi la kuweka kanula. Wanafunzi wawili wawili, mmoja akiwa muuguzi mfawidhi mwenye shughuli nyingi na uso uliokunjwa. Mwingine anasema: "Samahani, nimechomwa na sindano iliyotumika, sasa hivi, saa nne na dakika kumi. Nimeshaosha. Naomba mtu ampokee mgonjwa wangu, mimi nianze utaratibu." Sentensi ina tukio, saa, hatua iliyochukuliwa na ombi. Haina "nisamehe". Irudieni mpaka itoke hata sauti ikitetemeka.

Na wakufunzi nao wana zoezi lao. Jibu lao la kwanza liwe: "Umefanya vyema kuniambia. Umeosha? Twende pamoja." Swali la "ilikuwaje?" lisubiri mpaka dozi ya kwanza imemezwa. "Nilikwambia" lisitamkwe kabisa. Mwanafunzi husahau mihadhara ya muhula mzima, ila sentensi ya kwanza aliyojibiwa siku ile haisahau, na wenzake ishirini watakaosimuliwa usiku huo bwenini wataipima, kisha kila mmoja ataamua atasema au atanyamaza zamu yake ikifika.

Upande wa mgongo, tuna jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yetu tuliofundisha kwa miaka mingi. Kumfundisha mtu "kunja magoti, nyoosha mgongo" peke yake hakuzuii maumivu ya mgongo kwa wauguzi. Mapitio ya tafiti nyingi yamerudia kuonyesha hivyo. Sababu yake si ngumu kuiona. Kanuni za kunyanyua zilitungwa kwa ajili ya boksi lenye vishikio. Mgonjwa hana vishikio. Anateleza, anaogopa, anakukamata shingo, ana dripu upande mmoja na mpira wa mkojo upande mwingine. Mwaka 2007, Thomas Waters, aliyekuwa mtafiti wa usalama kazini nchini Marekani, alipendekeza muuguzi asinyanyue kwa mikono uzito unaozidi pauni 35, yaani kama kilo 16, tena hiyo ni kwa mgonjwa anayeshirikiana, mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujisokota. Mguu mmoja wa mtu ni karibu asilimia 16 ya uzito wake. Maana yake mguu mmoja wa mgonjwa wa kilo 100 unafikisha kikomo chote. Wa kilo 70 una takriban kilo 11, na mwanafunzi huambiwa aushike juu, mikono ikiwa imenyooka, wakati mwenzake anafunga kidonda kwa dakika kumi. Auegemeze kwenye mto au kiti. Asiushike.

Badala ya kunyanyua, fundisheni kutelezesha. Kumpandisha mgonjwa kuelekea kichwani mwa kitanda kunahitaji watu wawili na shuka la kutelezesha. Kama hakuna, shuka la kawaida lililokunjwa chini ya mabega mpaka mapajani linasaidia, ingawa litakwama zaidi. Funga breki za kitanda na uzijaribu kwa kukisukuma kwa nyonga. Inua kitanda kifike usawa wa nyonga za aliye mfupi kati yenu. Laza kitanda kiwe bapa, kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Toa mto chini ya kichwa na uusimamishe kwenye ubao wa kitanda ili kichwa kisigonge. Angalia mipira yote: dripu, mkojo, oksijeni. Mgonjwa akunje magoti kama anaweza, akunje mikono kifuani, kidevu kikiegemea kifua. Ninyi simameni mkielekea kichwani mwa kitanda, mguu mmoja mbele, mkishika shuka karibu kabisa na mwili wake. Mmoja tu ndiye anayehesabu. Kwenye tatu, hamishieni uzito wa miili yenu kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, na mgonjwa atafuata. Mikono ikifanya kazi kuliko miguu, kuna kitu mmekosea. Simameni mpange upya.

Kinachoharibika mara nyingi ni vitu vitatu: breki iliyosahauliwa, kitanda kilichoachwa chini kwa sababu "ni mara moja tu", na watu wawili wanaohesabu kila mmoja kivyake. Ule mtindo wa kumwingiza mgonjwa mikono kwapani na kumvuta tuuache kabisa. Unamuumiza bega yeye na mgongo wewe. Mgonjwa anayeanguka usimdake. Msogelee kwa nyuma, weka mguu mmoja mbele, mwache ateleze kwenye paja lako hadi sakafuni huku ukilinda kichwa chake. Wanafunzi wengi huumia hapa kwa sababu ya upendo na hofu ya kulaumiwa. Waambieni wazi, kabla halijatokea, kwamba kumshusha mgonjwa salama ni kazi iliyofanywa vizuri na hakuna atakayewaadhibu kwa hilo.

Na hapa pia kuna sentensi ya kufanyia mazoezi, kwa kuwa mwanafunzi ndiye huitwa "wewe kijana mwenye nguvu, njoo". "Niko tayari kusaidia. Tunahitaji mtu wa pili na shuka la kutelezesha, nakwenda kuvileta." Haikatai kazi. Inakataa kuifanya vibaya.

Uchovu ni mlango ambao majeraha yote haya huingilia. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi za umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mwanafunzi aliyeamka saa 12 asubuhi kuwahi darasani, kisha akaingia zamu ya usiku, anafika hapo saa 5 usiku. Bado ana usiku mzima mbele yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu madaktari waliokuwa mwaka wa kwanza wa mazoezi kazini Marekani ulikuta kwamba waliochomwa na vifaa vyenye ncha kali walitaja zaidi sababu mbili: mawazo kuhama, na uchovu. Ratiba inayoweka darasa la asubuhi siku ya zamu ya usiku ni hatari iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Wanafunzi, laleni mchana kabla ya zamu ya kwanza ya usiku. Mkiruhusiwa kupumzika usiku, usingizi wa dakika 20 hadi 30 unafaa, ila msishike sindano dakika 15 za kwanza baada ya kuamka, kwa kuwa ubongo bado mzito. Chai au kahawa ya mwisho iwe mwanzoni mwa zamu, ili asubuhi usingizi upatikane.

Tufike kwenye majeraha yasiyotoka damu. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake kuhusu wauguzi na wanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja ya London. Takriban theluthi ya wanafunzi walikuwa wanaacha masomo, wengi kwa hiari yao. Alichokiona ni kwamba kazi nzima ilikuwa imepangwa ili muuguzi asimkaribie mgonjwa mno: kila mmoja alifanya kazi chache kwa wagonjwa wengi, mgonjwa akaitwa "ini la kitanda namba 10", na aliyeonyesha hisia alikemewa. Lengo lilikuwa kupunguza wasiwasi. Wasiwasi haukupungua. Wanafunzi walinyimwa kile hasa kilichowaleta katika kazi hii, yaani kumjua mtu na kumwona akipata nafuu mikononi mwao. Miaka mingi imepita, na bado tunasikia wodini "usilie, utazoea". Tunaamini sentensi hiyo imewafukuza wanafunzi wazuri kuliko mtihani wowote.

Kifo cha kwanza kiandaliwe kama ujuzi mwingine wowote. Kabla ya kumwandaa marehemu, muuguzi anayesimamia amweleze mwanafunzi atakayoyaona: mwili utakuwa na joto bado, hewa inaweza kutoka na sauti wakati wa kumgeuza, macho huenda yasifunge. Amwulize kama anataka kushiriki, kutazama au kusubiri nje. Majibu yote matatu yakubalike. Wafanye wawili. Baadaye wakae dakika kumi mahali pasipo na wagonjwa, na maswali yawe mepesi: kitu gani kimekugusa? Kuna jambo la kitabibu hukulielewa? Leo unarudi kwa nani nyumbani? Mengi yanayowasumbua wanafunzi huisha kwa swali la pili. Wengi hubeba siri kwamba huenda walisababisha kifo kwa kumgeuza mgonjwa au kumpa maji, na maelezo ya dakika mbili huwaondolea mzigo ambao wangeubeba miaka.

Angalizo muhimu: msimlazimishe mtu kusimulia. Kikao kimoja cha lazima cha kuwafanya watu waeleze tukio baya kwa undani hakizuii athari za kudumu za kiwewe, na kwa baadhi huongeza madhara. Kinachofaa ni usalama, chakula, usingizi, taarifa sahihi, mtu wa karibu, na mlango ulio wazi siku zinazofuata.

Mtambue pia tofauti kati ya uchovu wa wiki ngumu na uchovu sugu wa kazi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu sugu kuwa ni hali inayotokana na kazi, yenye sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kazi yako haifai tena. Kwa mwanafunzi dalili ya pili ndiyo tunayoitafuta mapema: aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina, sasa anawaita kwa namba za vitanda. Hayo yanatengenezwa kwa kubadilisha kazi: zamu, usimamizi, mapumziko. Kumwambia apumue kwa kina kisha kumrudisha kwenye ratiba ileile ni kumdanganya. Huzuni au kukosa hamu inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na usingizi na ulaji kuvurugika, hiyo inaweza kuwa sonona, na inahitaji mtaalamu.

Na mkihisi mwenzenu anafikiria kufa, muulizeni moja kwa moja: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulitaja. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, mpelekeni kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na mwondoeni kwenye kazi inayomweka karibu na kabati la dawa bila kumtangaza. Mhudumu wa afya anajua dawa na anazifikia. Hilo hufanya saa chache za kwanza kuwa za thamani.

Kuhusu matusi na vipigo kutoka kwa wagonjwa au ndugu zao, mafunzo ni mafupi. Simama umbali wa zaidi ya urefu wa mkono, mlango ukiwa upande wako. Kamba ya kitambulisho iwe ya kuachia ikivutwa. Shusha sauti, usimguse, ondoka ukiona ngumi imekunjwa. Matusi kutoka kwa watumishi wenzetu ni jambo gumu zaidi, na yanastahili fomu ileile ya tukio inayotumika kwa sindano, na uzito uleule.

Kwa wakuu wa vyuo, tunaomba mambo ambayo hayahitaji jengo jipya. Zoezi la kusema liwekewe alama katika mtihani wa vitendo, kwa kuwa kisichopimwa hakifanyiwi mazoezi. Fomu za kuchomwa zitenganishwe kabisa na fomu za tathmini ya mwanafunzi, na zisihifadhiwe na mtu yuleyule. Muuguzi anayemsimamia mwanafunzi apunguziwe wagonjwa siku hiyo, la sivyo zile dakika kumi baada ya kifo hazitapatikana kamwe. Dozi ya kwanza ya PEP iwe mahali panapofunguka usiku na sikukuu. Na kila mwanafunzi apewe namba moja ya simu inayopokelewa saa zote, iandikwe nyuma ya kitambulisho chake, na ijaribiwe kwa kupigwa saa 8 usiku kabla mwanafunzi wa kwanza hajapelekwa wodini.